Canon EF 50mm f/1.8 STM: ipime kwa kanga kabla ya kulipa

Mpiga picha wa harusi Mtwara mjini akitaka kuachana na lenzi iliyokuja na kamera yake, jina la kwanza analotajiwa ni 50mm ya Canon yenye f/1.8 (namba ya tundu la kupitishia mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ni nyepesi, gramu 160 hivi. Ilipotoka mwaka 2015 bei yake ilikuwa kama dola 125 za Marekani, na inaingia kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) yoyote ya Canon EOS inayopokea lenzi za ukoo wa EF. Sifa zake zinajulikana, na lalamiko lake nalo linajulikana: haiko shapu. Lalamiko hilo ndilo tunalolichambua hapa, kwa sababu mara nyingi kioo kinabebeshwa kosa la fokasi, la shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) au la filta ya bei ya chini. Lenzi yenyewe ina makosa yake, tena ya wazi, ila ni mengine.

Kwanza uhakikishe umeshika lenzi ipi. Canon imetoa 50mm f/1.8 za EF za aina tatu: ya mwaka 1987, ya pili ya mwaka 1990 inayoandikwa II, na hii ya 2015 inayoandikwa STM, jina la mota yake ya fokasi. Kwenye lenzi za mitumba II nayo inauzwa, na kuna wauzaji wanaoiita STM bila kukusudia ubaya. Geuza lenzi uangalie nyuma. Ringi ya kushikia kwenye bodi ikiwa ya plastiki, hiyo ni II. STM ina ringi ya chuma. II inachukua filta ya milimita 52, STM ya milimita 49. Ndani ya II tundu linabanwa na visu vitano, kwa hiyo ukiibana kidogo tu taa za nyuma zinakuwa pembe tano kama zimekatwa kwa mkasi. STM ina visu saba vilivyopinda. II inafokasi kuanzia sentimita 45, STM kuanzia sentimita 35. Mpangilio wa vioo ni wa ukoo mmoja, vioo sita katika makundi matano, kwa hiyo usitarajie ukali tofauti sana kati yao kwenye tundu moja. Tofauti iko kwenye fokasi, kwenye utando wa vioo na kwenye umbo la taa.

Faida unayoinunua ni mwanga. Lenzi ya kawaida ya 18-55mm inayokuja na kamera, ile ya kit, ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi, stopu tatu na kitu (kila stopu ni mwanga mara mbili). Kwenye ukumbi ambako lenzi ya kit inakulazimisha shata ya 1/15 ya sekunde, na kila anayecheza anageuka moshi, hii inakupa karibu 1/150 kwa ISO ileile (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Hakuna flashi ya bei hiyo inayoweza kuokoa sura ya ukumbi kwa namna hiyo, maana flashi inamwangaza bibi harusi na kuuacha ukumbi mzima gizani.

Sasa kuipima. Wengi hupiga picha ya kitu chochote kilicho karibu, wakakuza kwenye kioo cha kamera, wakatoa hukumu. Kipimo kizuri zaidi kipo kabatini: kanga. Kanga ina upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha 110, umbo linalokaribia umbo la picha. Ina pindo linalozunguka pande zote, kwa hiyo pembe za picha zitakuwa na michoro ya kukagua. Ina mji katikati, na ina jina lenye herufi kubwa. Chagua yenye rangi mbili zinazogombana, nyeusi na nyeupe au nyekundu na nyeupe. Ipige pasi, ibandike ukutani ikiwa imenyooka, ndani au kwenye baraza isiyoingiza upepo wa bahari. Machapa ya kanga yenyewe hayana kingo kali sana, kwa hiyo bandika juu yake vipande vitano vya gazeti, kimoja katikati na vinne pembeni. Kanga itakuonyesha rangi, giza la pembeni na mistari iliyopinda. Gazeti litakuonyesha ukali.

Umbali: kwa kamera yenye sensa (kile kipande kinachopokea picha) ndogo kama 1300D, 2000D au 4000D, simama mita 3.4 kutoka ukutani, kanga itajaza upana wa picha. Kwa kamera ya sensa kamili kama 6D, mita 2.1 zinatosha. Juu na chini pindo litakatwa kidogo, haidhuru. Kamera iwe kwenye stendi au juu ya meza, na itazame ukuta sawasawa. Hapo kwenye usawa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kilaze bapa juu ya ukuta katikati ya kanga, kisha chungulia kwenye kamera: ukiiona lenzi yako yenyewe ikikutazama katikati kabisa ya picha, uko sawa. Ukiiona imekaa upande, sogeza kamera mpaka irudi katikati.

Weka ISO 100, kipima muda cha sekunde 2, hali ya Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua shata), na upige RAW, faili ghafi. Fokasi kwa kutazama kwenye kioo cha nyuma, ukikuza mara kumi juu ya herufi za gazeti la katikati. Zikishakaa vizuri, hamisha kitufe cha pembeni ya lenzi kwenda MF, fokasi ya mkono, ili fokasi isiguswe tena. Halafu piga mfululizo: f/1.8, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16.

Utakachokiona kwa lenzi nzima isiyo na kasoro ni hiki. Kwenye f/1.8 herufi za katikati zinasomeka, kingo zake zipo, lakini kila herufi imezungukwa na mwanga mwembamba, kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Weusi wa wino umekuwa kijivu. Sababu ni kwamba miale inayopita pembezoni mwa vioo haikutani mahali pamoja na miale inayopita katikati. Ukibana hadi f/2.8 unaikata ile miale ya pembezoni, na mabadiliko yanaonekana bila kukuza: wino unarudi kuwa mweusi, nyuzi za kanga zinaanza kuhesabika. Pembeni kunachelewa kidogo. Kwa sensa ndogo pembe zinakuwa nzuri kwenye f/4, kwa sensa kamili zinasubiri f/5.6. Kati ya f/5.6 na f/8 picha nzima ni kali kuanzia pindo hadi pindo, na katika matundu hayo lenzi hii haina haja ya kuona haya mbele ya lenzi za bei mara kumi. Kwenye f/11 ukali unaanza kushuka, f/16 umeshuka waziwazi, kwa sababu tundu dogo mno linatawanya mwanga wenyewe. Hilo ni la lenzi zote.

Giza la pembeni linategemea sensa. Kwenye sensa kamili kwa f/1.8 pembe zinakuwa na giza la stopu mbili na zaidi, na kwenye ukuta mweupe utaliona kama pete ya kivuli. Kwenye f/2.8 limepungua sana. Kwenye sensa ndogo pembe hizo zimekatwa tayari, giza linalobaki ni la kuondoa kwa kubofya mara moja kwenye programu ya kusafishia picha. Kamera za Canon zina marekebisho yake ndani, ila bodi iliyotoka kabla ya lenzi hii huwa haina taarifa zake na itakuandikia kwamba data haipo; unaziingiza kwa EOS Utility kwenye kompyuta. Mistari ya pindo itapinda nje kidogo sana. Kwenye picha za watu hakuna atakayeiona.

Kama pembe moja ni mbaya kuliko nyingine, usiilaumu lenzi bado. Igeuze kamera juu chini, upige tena kanga ileile. Ubaya ukihamia upande wa pili wa ukuta, kuna kioo kilichokaa mshazari ndani ya lenzi, pengine ilianguka, usiinunue. Ubaya ukibaki palepale ukutani, ni wewe hukunyooka na ukuta.

Yote hayo ni kuhusu kioo. Lakini mtu anayesema lenzi haiko shapu kwa kawaida hajapiga kanga, amepiga uso, na hapo mambo matatu yanachanganyika. Yatenganishe kwa kukuza kope za jicho. Kope ikiwa na ukingo unaoonekana lakini imezungukwa na mwanga, hiyo ni lenzi kwenye f/1.8, na ukiongeza kontrasti kwenye kompyuta inarudi vizuri sana. Kope ikiwa imevimba, haina ukingo, huku sikio au ukosi wa shati uko shapu, hiyo ni fokasi iliyokosea, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyopaswa kuwa. Kope ikijirudia kuelekea upande mmoja, kila kitu kikiwa na mkia, hiyo ni shata ndogo. Lenzi hii haina kizuia mtikisiko. Kwenye sensa ndogo anza na 1/160 kwa mtu aliyetulia, na kwa anayecheza ngoma panda 1/500.

La fokasi ndilo kubwa. Kwenye f/1.8 na sensa ndogo, mtu akiwa mita 1.5 kutoka kwako, eneo lote la ukali ni sentimita 6. Akiwa mita 1, ni sentimita 2.6 tu: yaani sentimita 1.3 mbele ya jicho na kama hizo nyuma yake. Pua na masikio yako nje tayari. Mazoea ya kufokasi kwa nukta ya katikati halafu kusogeza kamera ili kupanga picha yanagharimu hapa. Kwa umbali huo wa mita 1, kama uso uko sentimita 15 kutoka katikati ya picha uliyoipanga, ukali unarudi nyuma kwa zaidi ya sentimita 1. Umeimaliza karibu nafasi yote kabla mtu hajapumua. Ongeza kuyumba kidogo kwa mwili wako unapobonyeza, na fokasi iko kwenye hereni.

Tiba zipo. Unaweza kurudi nyuma hadi mita 2, ukapata sentimita 10 na nusu za ukali. Unaweza kubana hadi f/2.8, ambako kwa mita 1.5 unapata sentimita 9, uso mzima. Unaweza kuchagua nukta ya fokasi iliyo juu ya jicho, ingawa kwenye bodi kama 1300D, 2000D na 4000D nukta ya katikati pekee ndiyo yenye umbo la msalaba na nyingine zinasitasita gizani. Ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, bora kutumia ya katikati na kupanga picha kwa kukata baadaye. Megapikseli 18 au 24 zinakuachia nafasi ya kukata.

Kuna bodi na lenzi ambazo hazielewani: kila mara fokasi inaangukia mbele kidogo au nyuma kidogo. Kulijua hilo, tegemeza kamera, fokasi kwa kuchungulia kwenye tundu la jicho upige picha tano, ukiiharibu fokasi kabla ya kila moja. Kisha piga tano kwa kufokasi kwenye kioo cha nyuma. Za kioo cha nyuma zikiwa shapu zote na za tundu la jicho zimekosea zote kuelekea upande uleule, kioo cha lenzi hakina kosa. Bodi hizo ndogo hazina menyu ya kurekebisha; utapeleka kwa fundi mwenye vifaa, au utafanya kazi muhimu kwa kioo cha nyuma. Za tundu la jicho zikitawanyika, mbili mbele, moja sawa, mbili nyuma, hiyo ni tabia ya kawaida ya fokasi gizani, na dawa yake ni kupiga picha tatu pale ambapo ungepiga moja.

Kosa la kweli la kioo hiki ni rangi za kingo. Hakuna kitu kinachoziumbua vizuri kama kinyago cha mpingo kilichong'arishwa. Weka kinyago cha Kimakonde karibu na dirisha, mwanga ukipita kwenye mgongo wake, fokasi usoni mwa kinyago kwa f/1.8. Mstari mweupe wa mng'ao ulio mbele ya fokasi utakuwa na uzi wa zambarau, ulio nyuma utakuwa na uzi wa kijani. Mbao nyeusi haifichi chochote. Kwenye f/2.8 nyuzi hizo zimepungua, f/4 karibu zimekwisha. Programu zinazofuta zambarau zinasaidia, lakini ukizitumia kwa nguvu zinanyonya rangi halali, na kwenye kitenge cha zambarau utaona mpaka wa kijivu kuzunguka nguo. Anayepiga vinyago kwa ajili ya kuuza mtandaoni aisahau f/1.8 kabisa: f/8, stendi, shata yoyote, mwanga wa dirisha. Hapo lenzi inatoa kila alama ya patasi. Minazi iliyo kinyume na anga jeupe inatoa kosa hilohilo, kila ncha ya kuti ikiwa na zambarau.

Minazi inaleta na jambo la pili. Watu wanainunua lenzi hii kwa ajili ya nyuma kufifia, na nyuma inafifia kweli, ila namna inavyofifia inategemea kuna nini huko nyuma. Vioo vyake vyote ni vya mviringo wa kawaida, kwa hiyo taa zilizofifia ni duara safi zisizo na pete za kitunguu ndani. Lakini kila duara lina ukingo unaong'aa zaidi kuliko katikati. Kwa taa za ukumbi zilizotundikwa, inapendeza. Kwa makuti, matete au paa la makuti lililo mita mbili tatu nyuma ya mtu, kila jani linakuwa mistari miwili na nyuma inaonekana kuhangaika. Msogeze mtu mbali na makuti, yawe mita nane au kumi nyuma, au mgeuze nyuma yake iwe bahari au ukuta mtupu. Pembeni mwa picha duara za taa zinabanwa na kuwa kama macho ya paka; ukibana f/2.8 zinarudi duara, zikianza kuonyesha pembe saba kwa mbali.

Mchana kwenye ufukwe wa Shangani lenzi hii inakukwaza kwa sababu nyingine. Jua kali la saa sita kwa ISO 100 na f/1.8 linataka shata ya karibu 1/10000, na bodi ndogo zinaishia 1/4000. Picha inaungua, mchanga mweupe unakuwa karatasi, halafu mtu anasema lenzi inatoa picha zilizopauka. Bana hadi f/2.8, 1/4000 inatosha barabara. Ukiitaka f/1.8 kwa lazima, tafuta filta ya giza ya ND8 ya milimita 49, inayokata stopu tatu, au mpeleke mtu kivulini chini ya mwembe au mkorosho. Kivuli ndicho ninachokipendekeza, kwa sababu jua la utosini linatia makopo ya macho giza, na hakuna lenzi inayotibu hilo.

Pwani yetu inatazama mashariki, jua linachomoza baharini. Picha za alfajiri zinazotazama jua zitapoteza kontrasti kwenye f/1.8, kama pazia jepesi limetandwa juu ya picha, na ukibana tundu utaona madoa madogo ya rangi yaliyojipanga kwenye mstari kutoka kwenye jua. Kikinga jua cha ES-68 kinasaidia jua likiwa nje ya picha, ndani ya picha hakifanyi kitu. Filta ya kukinga kioo ya bei ya chini ndiyo inayozidisha. Usiku, kwenye balbu au mishumaa ya keki, filta hiyo inazaa balbu ya pili iliyopinduka upande wa pili wa picha. Ivue jua likizama, uirudishe kwenye vumbi.

Kwa mikono ya bibi harusi yenye hina na piko, lenzi hii ni bora kuliko sifa zake. Kwa sentimita 35, ambazo zinahesabiwa kutoka kwenye sensa na siyo kutoka kwenye ncha ya lenzi, picha ya sensa ndogo inachukua eneo la sentimita 10 na nusu kwa 7, karibu kiganja. Kwa f/1.8 hapo eneo la ukali ni milimita 2, ua moja la hina litakuwa shapu na vidole vyote vitayeyuka. Rudi hadi nusu mita, bana f/5.6, unapata karibu sentimita 2 za ukali. Laza kiganja kiwe sambamba na kamera, mwanga utoke pembeni ili mistari ya piko ising'ae, na utaona hata mahali hina ilipopasuka ikikauka.

Vyumba ni tatizo. Kwenye sensa ndogo, kumpiga mtu mzima aliyesimama, kamera ikiwa wima, unahitaji umbali wa zaidi ya mita 4. Nyumba nyingi hazina nafasi hiyo kati ya kochi na ukuta, na siku ya kumtoa mwali chumba kimejaa watu. Usiiuze lenzi ya kit. Kwa magofu ya Kilwa Kisiwani nayo ni hivyohivyo: ndani ya Msikiti Mkuu 50mm haitakupa matao yote, itakupa tao moja, nguzo moja, na ngozi ya jiwe la matumbawe kwa f/8, ambayo inaitoa vizuri mno. Mpira kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona ni wa lenzi ndefu, hii iache nyumbani.

Kwenye video fokasi yake ni laini, lakini mota inasikika kwenye maikrofoni ya kamera kama mbu wa mbali. Tumia maikrofoni ya kubana kwenye nguo. Ringi ya fokasi inazunguka kwa umeme, haifanyi kazi kamera ikiwa imelala, kwa hiyo gusa kitufe kwanza. Taa nyingi za ukumbi za LED na mirija zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa 50Hz. Kwa sababu f/1.8 inakupa mwanga, unashawishika kupandisha shata hadi 1/400, kisha picha zinatoka na mikanda ya giza na rangi mbili usoni. Shuka 1/100.

Mwisho ni chumvi na unyevu, maana huku lenzi nyingi zinauawa na hewa kabla ya kuuawa na matumizi. Hii haina mpira wa kuzuia maji kwenye ringi ya nyuma. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, la sivyo kioo kinatoa jasho. Kabla ya kuzima kamera, fokasi kitu cha mbali ili kile kipande cha mbele kinachotokeza kirudi ndani. Kikibaki nje kikagongwa, mota inakwama. Usikisukume kwa kidole. Hifadhi kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakti vya kunyonya unyevu, uvikaushe vinapobadilika rangi. Mchele unaoshauriwa na wengi unaacha vumbi.

Lenzi ya mkono wa pili ikaguliwe kwa tochi ya simu. Ivue kwenye bodi. Ikiwa imevuliwa tundu lake liko wazi kabisa. Mulika kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiiinamisha. Chembe chache za vumbi hazina madhara kwa picha. Nyuzi nyembamba kama mizizi au utando wa buibui ni fangasi. Zikiwa zimekula utando wa kioo, kusafisha kunaacha makovu, na makovu hayo ndiyo yatakayotanda kwenye picha za alfajiri. Irudishe kwenye bodi, weka f/16 na shata ya sekunde 2, bonyeza huku ukitazama mbele: visu saba vifunge haraka, kwa pamoja, bila mafuta juu yake. Kisha fokasi kitu cha mbali na cha karibu mara kumi kwa zamu ukisikiliza. Ikikwaruza au ikisita mahali palepale kila mara, mrudishie muuzaji lenzi yake.